Kiti cha Tatu Kwenye Gari la Mapacha

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Tabora, na nikwambie ukweli, sikwenda kukumbuka kitu. Nilikwenda kumwona mama, kula uyoga wa msimu na kulala mpaka usingizi uniishe wenyewe. Lakini asubuhi ya kwanza tu, nilipotoka kibarazani na kikombe changu cha chai, niliwakuta watoto wa jirani wamejazana kwenye ngazi yetu, vichwa vimegusana juu ya simu moja. Wakaniamkia shikamoo bila kuinua macho. Nikaitikia, nikachungulia. Walikuwa wanaunda gari.

Huenda na wewe unazijua gemu za namna hiyo. Unachagua chasisi, unapachika matairi, springi, injini na viti, halafu unalipeleka gari lako kwenye kilima uone kama litapanda au litabinuka. La kwao lilibinuka. Wakaliinua, likabinuka tena, wakaanza kusukumana na kulaumiana. Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia injini imekaa upande mmoja, na gari wamelinyanyua mno. Walishushe, watanue matairi, injini iende katikati.

Wakaniangalia kama nimezungumza Kichina. Mmoja akauliza, "Mamdogo, kumbe na wewe unachezaga gemu?"

Nikamwambia nilicheza kabla yeye hajazaliwa, nikarudi ndani. Sijui kama umewahi kupatwa na jambo hili: unasikia kitu kinakuchoma kifuani, unakitafutia jina, na jina lenyewe unalijua tangu utotoni. Ulikuwa wivu. Si wivu kwa wale watoto, hapana, wao wana kosa gani? Ni ule wangu wa zamani, niliokuwa nao nikiwa na umri kama wao, katika chumba kile kile nilichoingia kukaa.

Ngoja nikueleze watu wa nyumba yetu, hutapata shida kuwakumbuka. Kwetu Unyamwezini mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao, awe wa kike au wa kiume, ni Shija. Mimi ndiye Shija. Ukilisikia jina langu tu, umeshajua kwamba wapo walionitangulia na kwamba walikuja pamoja. Hata mama yangu mtaa mzima wa Kanyenye ulimwita Mama Kulwa. Doto hakuona tatizo, kwa sababu ukimtaja Kulwa umeshamtaja na Doto. Mimi nilikuwa nasubiri siku mtu akosee amwite Mama Shija, na mpaka leo nasubiri.

Dada zangu walikuwa chanda na pete. Walilala kitanda kimoja, walisuka mtindo mmoja, na mmoja akianza sentensi mwingine aliimalizia huku akitafuna. Kuzaliwa kwao kulipokelewa kwa ngoma. Mama alinisimulia kwamba wanawake walitoka Usoke kwa treni, wakaimba nyimbo za mapacha kutwa nzima, nyimbo zenye maneno ambayo siku nyingine mtu angetiwa adabu kwa kuyatamka mbele ya wakwe. Nikamuuliza mama, mimi nilipozaliwa watu waliimba nini? Akafikiri kidogo, akasema siku hiyo kulikuwa na mvua.

Aliyesimamia sheria za mapacha alikuwa bibi, mama yake baba, aliyehamia kwetu kutoka Usoke baada ya babu kufariki. Alikuja na magunia ya matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, na alikuja na msemo mmoja: "Mapacha hawapunjwi." Ukimpa Kulwa, mpe na Doto, kile kile na kiasi kile kile. Ukimpunja mmoja, mwenzake ataugua. Basi bibi alikuwa akigawa matobolwa kwenye mabakuli mawili ya bati, anayainua, anayalinganisha mikononi, anapunguza kipande huku, anaongeza kule, mpaka aridhike. Akimaliza ananipa mimi kilichobaki kwenye ungo. Nikuambie kitu cha ajabu? Mara nyingi kilichobaki kilikuwa kingi kuliko vyao. Lakini hakikuwa kimepimwa, nami nilikuwa nataka kupimiwa.

Idd ilikuwa hivyo hivyo. Mama alikuwa fundi cherehani, na kila Idd alishona magauni mawili ya kitambaa kimoja, rinda kwa rinda, kifungo kwa kifungo. La kwangu lilikuwa la kitambaa kingine, wakati mwingine kizuri zaidi. Tukitoka barabarani watu walisema, "Mashaallah, mapacha!" halafu wakiniona wanaongeza, "na huyu mdogo wao." Nilikuwa na roho ya kwanini, sikufichi. Nilitembea nyuma yao kwenye vumbi jekundu nikiangalia yale marinda mawili yakicheza pamoja, na pipi yangu ya Idd haikuwa na utamu.

Sasa kompyuta ikaja. Mjomba wetu alikuwa na steshenari karibu na soko, ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, na aliponunua mashine mpya alituletea moja ya zamani, ile yenye skrini nene kama kabati. Baba, ambaye alikuwa seremala, akaitengenezea meza ya mninga na benchi lake. Alimpima Kulwa, akampima Doto, akakata ubao. Likatoka benchi la makalio mawili. Mimi nikapewa ruhusa ya kusimama nyuma, nishike mabega ya yeyote anayekubali kushikwa.

Gemu ililetwa na mjomba kwenye flashi. Maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza, na tuliyachambua kwa kamusi ya shule mpaka kurasa zikalegea. Ilikupa uwanja mtupu na rundo la vifaa: vipande vya chuma, matairi, ekseli, springi, tenki la mafuta, injini, viti. Ukishaunda unabonyeza kitufe, na hapo ndipo dunia ya mle ndani inapoanza kufanya kazi kama hii yetu. Kilicho kizito kinavuta chini, kilichopachikwa vibaya kinang'oka. Kulikuwa na alama ndogo, duara la njano, iliyokuonyesha uzito wote wa gari umekalia wapi. Likiwa juu sana, kona ya kwanza tu magurudumu yanaangalia mbingu. Likiegemea upande, gari linakwenda mshazari kama ng'ombe aliyekwepa fimbo.

Kulwa alishika kibodi kwa sababu ndiye aliyeendesha. Doto alishika kipanya kwa sababu ndiye aliyeunda. Hawakuelekezana. Doto akiwa bado anakaza tairi la mwisho, Kulwa ameshaweka vidole tayari. Gari likianza kuyumba Kulwa hasemi kitu, anaguna tu, na Doto anajua ni springi ya nyuma iliyokaza mno. Nakumbuka joto la ile mashine, harufu ya vumbi lililokaangika ndani yake, cherehani ya mama ikilia chumba cha pili, honi ya treni kutoka stesheni, na bibi mlangoni akimenya karanga na kuuliza kila mara, "Wamefika?"

Anauliza wamefika wapi? Wakati huo mwalimu wetu wa historia alikuwa anatufundisha misafara, jinsi ilivyotoka pwani ikapita hapa hapa kwetu Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji ziwani. Bibi alipotusikia tukikariri alisema babu yake mwenyewe alibeba mzigo mpaka pwani akarudi, na bega lake la kulia lilikuwa limeshuka mpaka anazikwa. Basi dada zangu wakaipa ile nchi ya kwenye gemu majina. Pale gari linapoanzia pakawa Kanyenye. Mbali kabisa, ukingoni mwa ramani, kulikuwa na ziwa, hilo likawa Ujiji. Katikati kulikuwa na mlima mkali wa mawe, tukauita Kilima cha Mapagazi. Kazi ilikuwa kuvuka kile kilima na kufika ziwani bila kubinuka.

Na wao walifika. Ndicho kilichoniua. Magari yao hayakubinuka, na walikuwa hawajui hata kwa nini! Mimi niliyesimama nyuma nilijua. Ni kwa sababu ya bibi. Dada zangu walikuwa wamelelewa kwa kupimiwa, kwa hiyo hawakuweza kuweka kitu upande mmoja bila kukiweka upande wa pili. Doto akipachika tenki upande wa Kulwa, lazima apachike jingine upande wake. Injini mbili ndogo badala ya moja kubwa. Taa mbili, betri mbili, viti viwili bega kwa bega. Lile duara la njano lilikuwa linakaa katikati kabisa, tena chini, bila mtu kulitafuta.

Mimi nilikuwa naunda wao wakienda kuteka maji bombani. Nilikaa peke yangu kwenye benchi, nikihangaika na kipanya kwa mkono huu na kibodi kwa mkono ule. Na mimi niliyezoea kupewa kimoja kimoja, niliweka kimoja kimoja: injini moja, tenki moja, taa moja, popote nilipoona panapendeza. Gari langu halikuwahi hata kukiona Kilima cha Mapagazi kwa karibu. Lilikuwa linatoka Kanyenye kwa mbwembwe, linakata kona, linalala. Nikisikia ndoo zao zikiwekwa uani nazima haraka, najifanya nasoma.

Nilichotaka hakikuwa gari langu, uelewe. Nilitaka kiti kwenye la kwao. Kulwa na Doto walikuwa na vile vidude vya watu ndani ya gemu, viwili, vyenye kofia ngumu, na vilipokuwa vinakwenda ziwani vilitikisika pamoja kwenye mabonde. Nilitaka cha tatu kiwe mimi. Niliomba nikiwa nakula, nikiwa nasukwa, nikiwa nawabebea viatu. Niliomba mpaka mama akasema jamani mpeni mtoto kiti, kiti chenyewe si cha kweli.

Ikafika siku Doto akasema, "Haya, Shija, kiweke mwenyewe unapopataka."

Basi nikakiweka nyuma. Ningekiweka wapi tena? Shija anafuata, ndivyo jina lilivyo, ndivyo nilivyotembea Idd zote. Nikakipachika mwishoni kabisa, nyuma ya ekseli, nikakinyanyua kidogo nipate kuona mbele juu ya kofia zao. Tukaondoka Kanyenye, sote watatu! Kulwa akaendesha vizuri kabisa kwenye tambarare, na mimi nikapiga vigelegele. Tulipoanza kupanda kile kilima, pua ya gari ikainuka. Magurudumu ya mbele yakaacha ardhi, usukani ukawa haukamati kitu, na gari zima likaenda kinyumenyume, likatua juu ya kiti changu.

Walicheka mpaka wakaegemeana. Bibi akauliza mlangoni kama tumefika. Kulwa akajibu, "Shija ametuangusha, bibi," akaking'oa kile kiti kwa kubonyeza mara moja, na gari likapanda bila mimi kama vile sijawahi kuwepo. Bibi akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Sikujua anamwambia nani, lakini nilijua kidole kimoja ni nani katika nyumba ile.

Mvua za kwanza zikaja. Huo ndio msimu ambao Tabora nzima inanuka uyoga, wanawake wanaupanga vichuguu vichuguu barabarani, na mama anaupika na karanga mpaka jirani anakuja kuazima chumvi asiyoihitaji. Msimu huo shangazi wa Usoke akajifungua, na mama akaenda kumsaidia pamoja na mapacha, maana mapacha kwenye nyumba ya uzazi ni baraka. Shija hakutakiwa kwa baraka. Nikabaki na baba, bibi na kompyuta.

Nililia asubuhi ile, halafu nikafungua gari lao na kuliangalia. Nililigeuza juu, chini, ubavuni. Umeme ulikatika, nikasubiri; ukarudi, nikaliangalia tena. Na ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwepo muda wote. Kati ya kiti cha Kulwa na kiti cha Doto palikuwa na nafasi. Doto aliiacha tu, kwa sababu vitu vyake vilikuwa viwili viwili na katikati hapakuwa na mwenyewe.

Nikatanua chasisi kidogo. Nikakiweka kiti changu pale katikati, chini kuliko vyao, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Nikaziteremsha injini zote mbili zikae ubavuni mwangu. Nikalegeza springi za nyuma. Nilipoangalia lile duara la njano, lilikuwa limekalia mapajani pangu. Kuendesha na kuunda kwa mikono yangu miwili tu kulinichosha, lakini nililipandisha lile gari Kilima cha Mapagazi, nikateremka upande wa pili, nikaona maji. Nilimwita bibi aje aone. Akaja na ungo wake, akaangalia ziwa kwa muda mrefu, akauliza mbona hakuna mitumbwi. Nilifurahi mpaka sikula jioni ile.

Nikawasubiri warudi. Nadhani sijawahi kumsubiri mtu vile tena, hata mume. Walipofika, wakinuka moshi na maziwa ya mtoto, hawajavua hata ushungi nikawavuta mkono mpaka kwenye benchi. Kulwa akashika kibodi. Tukatoka Kanyenye. Kwenye kona ambayo gari lao la zamani lilikuwa likiyumba kidogo, hili halikuyumba. Kwenye kilima pua haikuinuka hata chembe. Lilipanda kwa utulivu ambao hakuna gari la nyumba ile lililowahi kuwa nao, na mimi niko katikati yao, kofia yangu kati ya kofia zao.

Lakini hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeguna, maana hapakuwa na cha kugunia. Tulipofika ziwani Kulwa akaondoa vidole kwenye kibodi, akaiangalia skrini akiwa ameinamisha kichwa upande.

"Sasa mimi na Doto tunaonanaje?" akasema.

Nikamwambia mko hapa, mmekaa benchi moja, mnaonana. Akasema, "Mle ndani, Shija. Umekaa katikati."

Doto alikuwa mpole kuliko Kulwa, na upole wake ndio uliouma zaidi. Alinishika kidevu, akasema, "Gari lako zuri mdogo wangu, zuri kuliko letu. Lakini liwe lako."

Wakafungua lile la zamani, la viti viwili, linaloyumba kwenye kona, wakaondoka nalo wakicheka. Nilipata ushindi na nikaachwa, kwa pamoja. Siku zilizofuata nililiendesha langu peke yangu wakienda kuteka maji, na unajua lilivyokuwa? Hata viti vya pembeni vikiwa vitupu, halikubinuka. Lilitulia vile vile. Nilitamani libinuke, angalau lionyeshe kwamba kuna waliokosekana.

Nilimlalamikia bibi. Nilimwambia yeye ndiye aliyewafanya wawe vile, na mabakuli yake. Bibi alikuwa akichovya tobolwa kwenye asali, akanipa, akajichovyea na yeye. Akasema, "Mimi sikuwaunganisha, mjukuu wangu. Walikuja hivyo. Mimi nilikuwa naogopa tu wasije wakatengana." Nilimwona bibi hajanijibu kabisa.

Hawakuwahi kugombana, dada zangu. Afadhali wangegombana, watu waliogombana hupatanishwa. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Kulwa alichaguliwa kwenda kidato cha tano shule ya mbali, na jina la Doto halikuwemo. Hapakuwa na wa kumlaumu. Doto alimfungia mwenzake mizigo, akampeleka stesheni, akarudi akakaa kwenye benchi la makalio mawili, upande wake ule ule. Siku hiyo hakuna aliyenikataza kukaa upande wa pili. Nikakaa. Akaniangalia kidogo, akaenda kumsaidia mama kutia uzi kwenye sindano. Kompyuta haikuwashwa kwa siku nyingi, na ilipokuja kuwashwa haikuwaka.

Kulwa akamaliza chuo, akaolewa Dar, akabaki huko. Doto akasomea mambo ya masjala, akapata kazi Isikizya, nje kidogo ya Tabora, na anaishi huko huko na mume na watoto. Mwanzoni walipigiana simu kila jioni. Halafu ikawa Ijumaa. Halafu ikawa sikukuu. Kulwa alikuwa anaona haya kumwambia mwenzake mazuri yake, na Doto alikuwa anaona haya kumwambia mwenzake shida zake, na ukiyaondoa hayo mawili watu wanabaki na salamu tu. Bibi alipofariki walikaa mkeka mmoja msibani, wamefunga khanga sare, nikawaona wanasubiriana kuongea kama wageni. Hakuna aliyemalizia sentensi ya mwenzake.

Ndipo wote wawili wakaanza kunipigia mimi. Kulwa ananipigia: "Shija, Doto hajambo? Mguu wake umepona?" Doto ananipigia: "Shija, Kulwa anasemaje? Mtoto wake ameanza shule?" Mimi nampelekea huyu habari za yule, na yule za huyu. Wananiambia mambo ambayo zamani wangeambiana kitandani. Wananisubiri. Wakinikosa wananilaumu. Nilichokililia utoto wangu wote nimekipata, tena bila kuomba. Na sikukiona utamu. Maana nilipokuwa nawaonea wivu, angalau kilikuwepo cha kukionea. Palikuwa na watu wawili duniani waliopendana kwa namna ambayo hakuna mwingine angeweza kuingia, na mimi nililiona jambo hilo kwa karibu, nikiwa nimewashika mabega. Watoto wa siku hizi wanaunda magari mazuri kwenye simu zao, wataniambia wana hata mvua na matope mle ndani. Lakini simu inashikwa na mtu mmoja. Na mapacha siku hizi wanazaliwa hospitali, wanapewa majina ya kutafutwa mtandaoni, na hakuna anayekaa na ungo akilinganisha mabakuli mikononi mpaka aridhike.

Jumapili, kabla sijaondoka Tabora, Doto alikuja kutoka Isikizya kuniona. Tukala uyoga wa mama, tukacheka mambo ya mtaa, halafu akanawa mikono na kukaa vizuri, kama anavyokaa kila mara akitaka kuuliza.

"Kulwa hajambo? Nasikia alikuwa anaumwa."

Ni kweli alikuwa anaumwa, na alikuwa amenieleza kila kitu, habari nzima ya ugonjwa wake, na akanituma nimweleze Doto kwa sehemu, asije akashtuka. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Sijui ni nini kilichonishika. Labda ni wale watoto wa kibarazani. Nikamwambia, "Mimi sijui, dada. Mpigie mwenyewe."

Akashangaa. "Wewe ndiye unayejuaga habari zake."

"Sasa sijui. Na sitajua tena. Mpigie."

Alikasirika kidogo, nilimwona. Akaaga mapema, akasema gari za Isikizya zitamwacha. Mama akaniuliza nimemfanya nini mwenzangu, nikamwambia sijamfanya kitu.

Baada ya magharibi nikakaa kibarazani, roho haijatulia. Nikampigia Doto kumwomba radhi. Simu inatumika. Nikasubiri, nikampigia Kulwa nimuulize hali. Inatumika. Nikasema bahati mbaya tu, watu wana shughuli zao. Mama akatenga chakula, tukala, tukatoa vyombo. Nikampigia Doto tena, inatumika. Kulwa, inatumika.

Wanaongea nini muda wote huo? Nani alimpigia mwenzake? Nani alianza kulia, maana mmoja wao lazima alilia, na nawajua, akilia mmoja wanalia wote. Wameshafika kwenye kucheka? Wamenitaja? Hakuna aliyekumbuka hata kunitumia ujumbe mmoja wa kuniambia, Shija, tunaongea. Nilikaa pale, mama mzima wa watu, nimenuna, wivu umenirudia kama zamani, huku nikimwomba Mungu vocha isiwaishie.